Kipindupindu Hakina Kabila

Wananchi wa Mkoa wa Kigoma hawajasahau yaliyotokea Kagunga mwezi wa Mei, 2015. Maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kijiji kile kidogo cha ufukweni. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwa lililokwisha kuchafuliwa. Kipindupindu kikazuka. Watu wapatao 30 walifariki, na Watanzania walikuwamo.

Kila maradhi ya namna hii yanapozuka, neno la kwanza kusikika sokoni ni hili: mgeni ndiye aliyeyaleta. Leo, ndugu wasomaji, uko ushahidi bora kuliko maneno ya sokoni.

Kila kijidudu cha kipindupindu kimebeba maandishi ya vinasaba yenye herufi kama milioni nne. Kinapozaana, maandishi hayo hunakiliwa, na kwa wastani herufi kama tatu hubadilika kila mwaka. Mwalimu yeyote anaifahamu kazi hii. Watoto wawili wakikosea neno lile lile mahali pale pale, mmoja amenakili kwa mwenzake, au wote wawili wamenakili kwa wa tatu. Vivyo hivyo wataalamu hulinganisha vijidudu vya wagonjwa wa nchi mbalimbali, wakatambua kipi ni ndugu wa kipi, na kimepita njia gani.

Mwaka 2017 wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Paris na wenzao walitangaza kwamba wamesoma vijidudu zaidi ya 1,000, vingi vikiwa vya nchi 45 za Afrika. Waligundua kwamba tangu 1970 kipindupindu kimeingia barani humu kutoka Asia si chini ya mara 11. Mwaka 2019 wakaeleza habari za Yemen, ambako watu walioshukiwa kuugua walikwisha kuzidi milioni moja. Kijidudu kile kilitoka Asia ya Kusini, kikapita kwanza Afrika Mashariki, ndipo kikafika kwao.

Basi na tujiulize: ikiwa Mrundi ana hatia mbele yetu, sisi tuna hatia gani mbele ya Myemeni? Hakuna hata mmoja wetu atakayekubali hukumu hiyo. Herufi huonyesha njia, hazimhukumu msafiri. Wala hazisemi kwa nini ugonjwa ulipata makao ulipofika. Hilo husemwa na choo na kisima.

Tena lawama ina madhara yake. Mgeni anayeogopa kufukuzwa huficha kuhara kwake. Asipofika zahanati, kinyesi chake hakipimwi, herufi hazisomwi, na kijidudu kinaendelea na safari bila shahidi. Anayemtukana mgonjwa anausaidia ugonjwa.

Watu wa Kalinzi hulima kahawa na migomba milimani, na hushuka Kigoma na Ujiji kwa biashara. Njia hizo hazifungiki, wala si haki kuzifunga. Kwa hiyo ni wajibu wa kila mwanachama kuchimba choo, kuchemsha maji na kulinda chemchemi ya kijiji. Na balozi wa shina akisikia habari za mtu anayehara, amfikishe kwa mganga siku ile ile, bila ya kuuliza kwanza kabila lake.