MMISIONARI NDANI YA JIPNI

Je, msomaji mpendwa, mmisionari aliye ugenini husafiri vipi? Wengi hawana gari. Huko Manila, Ufilipino, wao hupanda jipni, ndugu ya matatu yetu. Gari hizi zilianza baada ya vita vya pili vya dunia kwisha mwaka 1945, wenyeji walipogeuza Jeep zilizoachwa na jeshi la Marekani kuwa gari za abiria.

Kwanza, soma ubavuni, njia imeandikwa hapo. Jipni ya mtindo wa zamani huingiwa kwa nyuma, na abiria huketi kwenye mabenchi mawili marefu wakitazamana.

Pili, nauli. Mara nyingi hakuna makanga. Unasema "Bayad po", yaani nauli hii hapa, unampa jirani pesa, naye anampa wa mbele yake mpaka zimfikie dereva. Chenji nayo hurudi vivyo hivyo, mkono kwa mkono.

Tatu, kushuka. Unasema "Para po", simamisha tafadhali. Hilo neno "po" ndilo la heshima. Ukiliacha mbele ya mzee, utaonekana huna adabu.

Sasa faida iko wapi? Mwenye gari lake anaweza kumaliza mwaka bila kuokota neno la Kitagalogi. Wa jipni hujifunza kila siku. Tena, kabla ya kuwaomba watu wamwamini, yeye amekwisha kuwaamini na nauli yake.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.