Gunia la Ngumi Nyumbani: Tazama Boriti Kwanza

Vijana wengi wapendao ngumi na karate hutamani kuwa na gunia la mazoezi nyumbani. Ni jambo jema, lakini gunia lisilofaa laweza kumvunja mtu mkono, na mkono ndio mtaji wa mfanyakazi.

Kwanza, pima uzito. Kanuni iliyozoeleka ni nusu ya uzito wa mwili: mtu wa kilo 70 atafute gunia la kilo 35 hivi. Likiwa jepesi mno huyumba ovyo. Likiwa zito mno halitikisiki, na kishindo chote humrudia mpigaji kwenye kifundo cha mkono.

Pili, usijaze mchanga mtupu. Huteremka chini na kushikamana kama jiwe. Matambara yaliyokatwakatwa na kushindiliwa sawasawa hufaa zaidi. Apigaye mateke ahitaji gunia refu, lifikalo chini ya mapaja.

Mwisho, dari haistahimili mzigo uyumbao. Funga mnyororo kwenye boriti imara, ama tawi nene la mwembe uani. Zungusha bendeji mikononi, vaa glavu, na watoto wakae mbali. Wapangaji nao wapatane saa ya mazoezi, kwani kishindo hupenya ukuta.