Omeprazoli ni dawa nzuri ya vidonda vya tumbo, lakini usiinunue kwa mazoea

Saa nane usiku umeamka, kifua kinawaka kama umemeza kaa la moto. Unakaa kitandani, unacheua maji machungu, unakunywa maji ya baridi na hayasaidii. Asubuhi unapita duka la dawa la mtaani kwako, iwe Lizaboni, Bombambili au Mfaranyaki hapa Songea, unasema: "Nipe viwili vya vidonda vya tumbo." Unameza, unapata nafuu, unakwenda zako shambani au sokoni. Wiki ijayo unarudi tena.

Kama ndivyo unavyofanya, leo tuzungumze. Dawa unayopewa mara nyingi ni omeprazoli, ambayo kwenye pakiti utaiona imeandikwa Omeprazole. Ndugu zake ni lansoprazole, pantoprazole na esomeprazole, na utazitambua kwa jinsi majina yao yanavyoishia. Ni dawa nzuri na imewaponya wengi. Tatizo ni kwamba inaweza kutuliza maumivu huku chanzo cha ugonjwa kikiendelea kukaa tumboni.

Inafanyaje kazi?

Kwenye ukuta wa mfuko wa chakula kuna pampu ndogo ndogo zinazotoa tindikali ya kusaga chakula. Omeprazoli huzifunga pampu hizo. Tindikali ikipungua, kidonda hupata nafasi ya kupona, na ile inayopanda kooni haiunguzi tena.

Pampu hizi huamka unapokula. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu kabla ya chakula kufika. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kwa kawaida asubuhi kabla ya chai. Ukiimeza baada ya kushiba, nguvu yake hupungua sana.

Imeze nzima kwa maji. Usiitafune wala kuisaga, kwa sababu imefunikwa ili tindikali isiiharibu kabla haijafika kwenye utumbo.

Jambo jingine ni kwamba huchukua siku moja hadi nne kufikia nguvu yake kamili. Ndiyo maana kununua viwili leo na viwili wiki ijayo si matibabu. Kwa kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo, dawa hii hutumika kila siku kwa takriban wiki 4. Kwa kidonda cha mfuko wa chakula ni hadi wiki 8, na kwa kiungulia cha kucheua tindikali ni wiki 4 hadi 8. Daktari ndiye atakayepanga muda wako kulingana na hali yako.

Tafuta chanzo

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na njaa, pilipili au mawazo. Vitu hivyo vinaweza kuongeza maumivu, lakini vyanzo vikubwa ni viwili.

Cha kwanza ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kwamba anaishi tumboni na kusababisha vidonda. Wengi hawakuwaamini, hadi Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na kuugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel.

Omeprazoli peke yake haimuui bakteria huyu. Anahitaji antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli mara mbili kwa siku, kwa kawaida kwa siku 14. Ukiacha siku ya tano kwa sababu umepata nafuu, unampa nafasi ya kuwa sugu.

Kabla ya matibabu hayo unapimwa, na hapa wengi hukosea. Ukitumia omeprazoli, kipimo cha choo kinaweza kusema huna bakteria wakati unaye. Inatakiwa uwe umeiacha kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4, kabla ya kupima. Kwa hiyo mwambie daktari dawa zote ulizomeza, hata za kununua mwenyewe, ndipo akuelekeze. Kipimo cha damu nacho kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakifai kuonyesha kama umepona.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini. Chukua mfano wa mkulima wa mahindi wakati wa palizi. Mgongo unamuuma, anameza diklofenaki kila jioni. Baada ya wiki kadhaa tumbo linaanza kuwaka, naye anaongeza omeprazoli juu yake. Mkono mmoja unazima moto, mwingine unaongeza kuni. Huyu anatakiwa kwanza kuulizwa kuhusu dawa ya mgongo. Mara nyingi parasetamoli inaweza kuchukua nafasi yake. Lakini kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache bila kumuuliza.

Dalili za kukupeleka hospitali

Usiendelee kununua dawa kama una mojawapo ya hizi: kutapika damu au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa, choo cheusi cha kunata kama lami, chakula kukwama kifuani unapomeza, kukonda bila sababu, kutapika mara kwa mara, au kupungukiwa damu. Vidonge vya kuongeza damu, wanavyopewa wajawazito, navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mweleze mhudumu kama unavitumia.

Kukwama kwa chakula nakusisitizia zaidi. Tanzania imo katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika wenye saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula. Mtu anaanza kwa kushindwa kumeza ugali, anahamia kwenye uji, huku akiambiwa ni vidonda vya tumbo. Omeprazoli inaweza kumpunguzia kiungulia na kumpotezea miezi ambayo angeitumia kupata matibabu. Hata kama hujafika miaka 40, dalili hii haisubiri.

Maumivu makali ya ghafla yanayofanya tumbo kuwa gumu kama ubao, au kutapika damu, ni dharura. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au kituo kilicho karibu nawe muda huo huo, hata kama ni usiku.

Ukiitumia kwa muda mrefu

Matumizi ya miezi mingi au miaka yanaweza kupunguza vitamini B12, madini ya chuma na magnesiamu mwilini, na kuongeza kidogo uwezekano wa kuvunjika mifupa na kupata maambukizi ya utumbo. Si sababu ya kuiogopa kama daktari amekuandikia kwa sababu inayoeleweka. Ni sababu ya kuuliza kila unaporudi kliniki: "Je, bado naihitaji?"

Kama umeitumia zaidi ya wiki 8, ukiacha ghafla tindikali inaweza kurudi kwa nguvu kwa muda. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wanaanza upya. Muulize daktari namna ya kupunguza taratibu.

Kama unatumia dawa za VVU, sema. Omeprazoli haitakiwi kuchanganywa na rilpivirine, na hupunguza nguvu ya atazanavir. Wanaotumia dolutegravir hawana shida na omeprazoli, lakini dawa za kiungulia za kutafuna au za maji zenye magnesiamu, aluminiamu au kalsiamu huizuia isiingie vizuri mwilini. Meza dolutegravir saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Pia sema kama unatumia clopidogrel ya kuzuia damu kuganda, au kama una mimba.

Kwa wazazi

Mtoto mchanga anayecheua maziwa baada ya kunyonya, lakini anacheka, ananyonya na kuongezeka uzito, haumwi vidonda vya tumbo. Mlango wa tumbo lake bado haujakaza. Wengi huacha wenyewe wanapofika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mbebe wima baada ya kunyonya, mcheulishe, na umlaze chali. Usifungue kapsuli ya mtu mzima na kumgawia mtoto kwa kukadiria.

Mpeleke haraka akitapika matapishi ya kijani au damu, akitapika kwa kuruka mbali kila anaponyonya, asipoongezeka uzito, au akilegea na kukosa mkojo.

Muulize muuzaji

Maduka ya Dawa Muhimu unayoyaona leo nchi nzima yalianza kwa majaribio hapa Ruvuma mwaka 2003. Lengo lilikuwa dawa iuzwe na mtu aliyefundishwa, anayemuuliza mgonjwa maswali kabla ya kumpa. Basi tumia haki hiyo. Muulize: naimeza saa ngapi, kwa siku ngapi, na inapatana na dawa zangu nyingine? Si kila dawa inaruhusiwa kuuzwa kila duka. Muuzaji akikuelekeza famasi au hospitali, usikasirike, amekulinda.

Nyumbani, kula chakula cha jioni mapema, ukae saa 2 hadi 3 kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake. Punguza pombe, acha sigara, na kama una kitambi kipunguze. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi, kwa hiyo usiyategemee kama dawa.

Na kama umekuwa ukinunua viwili viwili kwa zaidi ya mwezi, wiki hii usirudi dukani. Kusanya pakiti zote ulizo nazo nyumbani, zitie kwenye mfuko na uende nazo kwa daktari. Zitamsaidia kujua aanzie wapi.