Skana yenye GPS katika safari ndefu za barabara

Skana ni redio ya kupokea tu. Hupitia orodha ya masafa moja baada ya jingine kwa kasi kubwa, ikikuta sauti husimama, sauti ikikoma huendelea. Nchini Marekani watu hukaa nayo nyumbani au kwenye gari kusikiliza zimamoto, polisi wa barabara kuu, magari ya kuondoa theluji, treni na taarifa za hali ya hewa. Asiyetoka mjini kwake huipanga mara moja na kazi ikaisha. Kwa msafiri mambo ni tofauti. Barabara kuu ya Interstate 80, inayoanzia New Jersey na kuishia San Francisco, hupita majimbo 11 kwa zaidi ya kilomita 4,600. Chaneli zilizofaa asubuhi huko Iowa hazina maana jioni gari likiwa Wyoming, na zikiachwa wazi hula muda wa skana bure.

Hapo ndipo GPS inapoingia. Wengi hudhani kazi yake ni kuiwezesha skana kusikia zaidi, kumbe kazi yake hasa ni kunyamazisha. Mtu akiingiza chaneli za majimbo yote 11, skana itahitaji muda mrefu kumaliza mzunguko mmoja, na taarifa ya ajali iliyo kilomita 3 mbele inaweza kutolewa na kuisha wakati redio bado inapekua masafa ya Pennsylvania. Kipokezi cha GPS huiambia redio mahali ilipo, nayo huzima kila kisichohusu mahali hapo.

Uamuzi huo hufanywa kwa hesabu ya maduara. Kila kundi la chaneli hupewa latitudo na longitudo ya kitovu, pamoja na nusu kipenyo. Msafiri naye huweka umbali wa ziada kulizunguka gari lake, ambao katika skana za Marekani huhesabiwa kwa maili. Duara la gari likigusana na duara la chaneli, kundi hilo huwashwa, yakiachana, huzimwa. Kwa hiyo kundi lenye nusu kipenyo cha maili 20 litawashwa gari likiwa maili 25 kutoka kitovuni, ikiwa umbali wa ziada ni maili 5.

Taarifa hizo si lazima ziandikwe upya na kila mtu. Tovuti ya RadioReference ina hifadhidata kubwa ya masafa ya Marekani na Kanada, inayotunzwa kwa mchango wa wasikilizaji wenyewe. Kampuni ya Uniden ilipotoa HomePatrol-1 mwaka 2010, hifadhidata hiyo ilikuja imeshapakiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na mnunuzi alitakiwa kuingiza msimbo wa posta tu. Skana zake za baadaye, kama BCD536HP, SDS100 ya 2018 na SDS200 iliyofuata, ziliendeleza mpango huo, na hifadhidata husasishwa kila wiki kwa kompyuta. Atakayeondoka bila kuisasisha anaweza kujikuta anafukuza masafa yaliyokwisha kuhamwa.

Hata hivyo, hifadhidata haitoshi peke yake. Maduara yake mengi yamechorwa kwa kufuata mipaka ya kaunti, na kaunti za magharibi ni kubwa mno. Kaunti ya Elko huko Nevada, ambamo Interstate 80 hupita, ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000, wakati Rwanda nzima ina 26,338. Duara la kufunika eneo kama hilo lazima limwagikie Idaho na Utah. Matokeo yake ni kwamba msafiri aliyeko Utah husubirishwa na chaneli za Nevada ambazo antena yake haiwezi kuzinasa. Dawa ni kunakili mifumo inayohitajika kwenye orodha binafsi, kisha kuyapunguza maduara au kuyahamisha yakae juu ya barabara yenyewe. Baadhi ya skana hukubali pia mistatili, nayo hufaa zaidi kwa barabara iliyonyooka, kwani mistatili michache iliyopangwa mfululizo hufuata njia vizuri kuliko duara moja nene.

Makosa mengi ya upangaji hutokea kwenye tarakimu za mahali. Kipokezi cha GPS hutuma mistari ya maandishi kwa mfumo uitwao NMEA 0183, na karibu na mji wa North Platte, Nebraska, sehemu ya mstari huo inaweza kusomeka hivi: 4107.02,N,10046.20,W. Maana yake ni digrii 41 na dakika 7.02 kaskazini, digrii 100 na dakika 46.20 magharibi. Programu nyingi za kompyuta hazitumii dakika, hutaka digrii zenye desimali. Dakika hugawanywa kwa 60, na hapo North Platte inakuwa 41.117 na 100.77. Anayesahau kugawanya akaandika 100.46 ameusogeza mji kama kilomita 26 kuelekea mashariki. Kosa la pili ni baya zaidi. Longitudo ya magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani -100.77. Alama hiyo ikiachwa, kitovu huangukia jangwa la Gobi, kaskazini mwa China, na chaneli za Nebraska hazitawaka hata gari liegeshwe chini ya mnara wao. Skana haitatoa onyo lolote. Itanyamaza tu, na mwenye nayo atailaumu antena.

Baada ya mahali huja swali la umbali wa ziada. Hapa wapangaji wapya hupenda kuweka maili 30 au 40 kwa hofu ya kukosa jambo. Ni afadhali kuanza na maili 5, au hata sifuri kama maduara yamechorwa vizuri. Gari linalokwenda maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120, hukata maili 5 kwa dakika 4, muda unaotosha kabisa skana kuzunguka orodha mpya. Skana za kawaida hupita hadi chaneli 100 kwa sekunde zikiwa kwenye masafa ya kawaida. Mifumo ya tranki ndiyo inayochelewesha.

Katika mfumo wa tranki, idara nyingi hugawana masafa machache. Kompyuta ya mfumo hutangaza kwenye chaneli ya udhibiti kwamba kundi fulani la mazungumzo sasa liko kwenye masafa fulani, na skana lazima isikilize tangazo hilo kwanza. Kila mnara, au kila kikundi cha minara, una chaneli yake ya udhibiti, hivyo minara 10 iliyowashwa ni vituo 10 vya kusubiri. Katika mifumo hii kuna maduara ya aina mbili: la mnara, linaloamua kama masafa yake yajaribiwe, na la idara, linaloamua ni makundi gani ya mazungumzo yasikike. Mpangaji akirekebisha moja na kulisahau jingine, mnara utapokewa vizuri kabisa bila sauti hata moja kutoka. Masafa nayo hubadilika njiani: mfumo wa jimbo la Iowa uko kwenye megahezi 700, wakati ile ya Nebraska na Wyoming iko kwenye VHF, karibu megahezi 150 na kuendelea. Antena ya robo wimbi kwa VHF hiyo ina urefu wa karibu nusu mita, na ya megahezi 800 ni kama sentimita 9. Kwa sababu hiyo antena ya masafa mengi yenye sumaku, ikikaa katikati ya paa la gari, huwa bora kuliko kijiti kilichokuja na redio.

Si kila kitu kifungwe kwa mahali. Kuna orodha moja ndogo inayopaswa kubaki wazi safari nzima. Ya kwanza humo ni chaneli 7 za hali ya hewa za NOAA, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, ambazo ni zilezile nchi nzima. Hizo hurusha pia tahadhari zenye msimbo wa kaunti. Msimbo wa Kaunti ya Lincoln, ambamo North Platte imo, ni 031111. Mkazi wa kudumu huweka msimbo wa kwake. Dereva anayevuka kaunti mpya kila nusu saa ni heri akubali tahadhari zote, hata kama nyingine hazimhusu, kuliko kukosa ile ya kimbunga. Chaneli 19 ya redio za CB, megahezi 27.185, huingia hapo kama skana inafika chini kiasi hicho, kwa kuwa ndiyo chaneli ya madereva wa malori. Masafa ya reli, ya megahezi 160 na 161, yana utamu wake bondeni mwa mto Platte, ambako njia ya Union Pacific huandamana na barabara. Humo husikika hata mashine za kando ya reli zikitangaza kwa sauti kwamba treni iliyopita haina hitilafu.

Orodha yote hujaribiwa mezani kabla ya safari. Kipokezi cha GPS huchomolewa, na tarakimu za miji ya njiani huingizwa kwa mkono mmoja baada ya mwingine: Des Moines, North Platte, Laramie, Elko. Katika kila mji mpangaji hutazama ni mifumo gani imewaka na ipi imezimika. Saa moja ya zoezi hilo hufichua makosa ambayo yangechukua siku mbili kugundulika barabarani, tena bila dereva kubonyeza vitufe gari likiwa mwendoni. Kipokezi chenyewe hukaa kwenye dashibodi, mahali kinapoona anga, mbali na chaja za bei nafuu zinazotoa kelele za redio.

Yapo yasiyosikika kwa mpango wowote. Idara nyingi za polisi zimefunga mawasiliano yao kwa msimbo wa siri, na skana haina uwezo wa kuufungua.

Sheria nayo hubadilika kwa mpaka. Kusikiliza zimamoto au polisi nyumbani kunaruhusiwa sehemu kubwa ya Marekani, lakini Kentucky, Florida na New York zina vizuizi kuhusu skana ndani ya gari. Indiana, ambayo Interstate 80 huipita yote kutoka mashariki hadi magharibi, inakataza kuwa na redio ya polisi ndani ya gari bila idhini, ila imewaachia baadhi ya watu, wakiwemo wenye leseni ya redio ya ridhaa. Kwa dereva wa lori aliyetoka Mombasa, Arusha au Bukavu na sasa anaishi kwenye barabara hizo, leseni hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35, aliyepata 26 amefaulu, na hauhitaji uraia wa Marekani.