Mageuko ya Viumbe Katika Shamba la Sukuma Wiki

Mageuko ya viumbe, yaani mabadiliko ya sifa za kurithiwa katika jamii ya viumbe kizazi baada ya kizazi, ni mada ya Kidato cha Nne katika mtaala wa biolojia wa 8-4-4 nchini Kenya, na kwa kuwa mwaka huo ndio wa mtihani wa KCSE, ni rahisi mada hiyo ikaharakishwa na kubaki ya kukariri. Hata hivyo, katika wadi ya Gatuanyaga, iliyo mashariki ya mji wa Thika kuelekea Kilimambogo na Mto Athi, vifaa vya kuifundishia haviko mbali wala si ghali, kwani vingine vimo shambani na vingine huuzwa sokoni kwa mafungu.

Sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli zote ni spishi moja, Brassica oleracea, spishi ikiwa ni kundi la viumbe wanaoweza kupandishana na kupata uzao wenye uwezo wa kuzaa. Wakulima wa kale wa eneo la Bahari ya Mediterania na Ulaya walihifadhi mbegu za mimea iliyowapendeza, wengine wakitafuta majani mapana, wengine vichwa vilivyofungamana, wengine maua manene, na kwa karne nyingi za uteuzi huo wa binadamu mmea mmoja wa porini ukazaa mboga zisizofanana. Mwanafunzi akipasua kabichi katikati ataona kwamba ni shina fupi lililobanwa na majani, yaani tumba moja kubwa mno, ilhali shina la sukuma wiki limerefuka na kubaki na makovu ya majani yaliyochumwa. Zote mbili zikiachwa hadi zichanue, hutoa maua yenye petali nne zilizokaa kama msalaba.

Kwenye mboga hizohizo yumo mwalimu mwingine, ambaye mkulima hampendi. Nondo mdogo wa kijivu, Plutella xylostella, hutaga mayai yake ya manjano karibu na mishipa ya jani, na kiwavi wake wa kijani hula jani kutoka upande wa chini akiacha ngozi nyembamba ya juu inayopitisha mwanga kama karatasi. Akiguswa, hujinyonganyonga na kujitupa chini akining'inia kwa uzi. Nondo huyu alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mimea kuthibitika kuwa sugu kwa DDT, huko Java mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo ameshinda dawa za aina nyingi. Ni kosa kudhani kwamba kiwavi mmojammoja hujifunza kuistahimili dawa. Kabla mkulima hajabeba pampu mgongoni, viwavi wachache tayari wana tofauti katika jeni zao, yaani vinasaba vinavyobeba maelekezo ya urithi, inayowawezesha kuivunja sumu au kutodhurika nayo. Wenzao wakifa, hao ndio wanaobaki kuzaa, na kwa kuwa katika joto kizazi kimoja huchukua wiki chache tu, shamba hujaa wazao wao baada ya misimu michache. Huo ndio uteuzi asilia.

Mfano unaomhusu binadamu nao ulipatikana Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi na kukuta kwamba wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Viktoria, lakini hawakufika asilimia 1 katika nyanda za juu zilizo katikati. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo, ambayo mtu akirithi mbili huugua, humkinga mwenye moja dhidi ya malaria, na ndiyo maana imedumu palipo na mbu wengi. Ramani ya Kenya na takwimu hizo zinatosha kwa somo zima; hakuna haja, wala si heshima, kumuuliza mwanafunzi habari za damu yake.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vifuate baada ya hayo. Jumba la Makumbusho la Nairobi, ambalo kutoka Thika ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lina mifupa ya Kijana wa Turkana, ambaye kipande chake cha kwanza kiligunduliwa na mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu karibu na Nariokotome mwaka 1984. Aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na ingawa kimo chake kilikaribia sentimita 160, ukuaji wa meno yake unaonyesha kwamba huenda alikuwa na umri wa miaka minane au tisa tu, jambo ambalo wanafunzi wanaweza kulijadili kwa kujilinganisha na wadogo zao. Mwaka 2006, jumba hilo likiwa katika ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza Wakristo wa kiinjilisti kupinga visukuku vya binadamu kupewa nafasi ya mbele, naye mtafiti wa visukuku Richard Leakey akavitetea. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 2008 na visukuku vikaonyeshwa.

Mzozo huo ni sababu nyingine ya kutoanza na fuvu la kichwa. Anayeanza na asili ya binadamu huwagawa wanafunzi kabla hawajaelewa jinsi uteuzi unavyofanya kazi, ilhali kiwavi wa sukuma wiki hana dhehebu. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na walimu wa Gatuanyaga walio nalo wangali na muda wa kulipeleka shambani.