Uvira: Muziki wa gari huanzia kwenye waya, si kwenye sabufa

UVIRA, Kivu ya Kusini – Jua linapoelekea kuzama, taksi zinazotoka Kavimvira kwenda Kalundu hupita kila moja na rumba yake. Anayesimama kandokando ya barabara husikia kwanza kishindo cha sabufa, kisha kioo cha nyuma kinachotetemeka. Gitaa hazisikiki, na sauti ya mwimbaji inatoka kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Shofere ametoa dola nyingi kwa muziki huo, lakini alichonunua ni kishindo.

Hasara ya masikio ndiyo ndogo. Iliyo kubwa iko chini ya kapeti, kwenye waya. Gari iliyounganishwa vibaya inaweza kukataa kuwaka saa kumi na mbili jioni kati ya Luvungi na Sange, mahali ambapo hakuna abiria anayependa kukutwa na giza. Inaweza pia kushika moto, na kwenye barabara hii si ajabu kofri ya nyuma, kando ya sabufa, ikawa na bido ya esansi iliyonunuliwa kwa kadafi.

Safari ya mwenye gari huanzia kwa kawaida kwenye redio. Gari nyingi za Uvira ni Toyota za mitumba zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani, usukani ukiwa kulia. Kule Japani masafa ya FM yalianzia 76 na kuishia 90, na miaka ya karibuni yakasogezwa hadi 95. Huku kwetu redio huanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana mtu ananunua gari safi kabisa, anawasha redio, na stesheni nyingi anazozijua hazipo. Wengine hufunga kile kiboksi kidogo cha kushusha masafa kwenye waya wa anteni. Wengine hubadilisha redio yote. Wakishafungua tablo ya mbele ndipo hamu inapokuja: bafle mpya za milango, ampli, sabufa.

Hapo ndipo karatasi ya kwenye boksi inapodanganya watu. Vifaa vinaingia kupitia Bujumbura, au kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, na boksi limeandikwa wati 1500 kwa herufi kubwa. Namba hiyo mara nyingi ni ya kishindo cha sekunde moja, au ya ndoto ya aliyechapisha boksi. Namba ya kutafuta ni ile ndogo iliyo kando ya herufi RMS. Ikikosekana, angalia fuzible iliyochomekwa kwenye ampli yenyewe. Fuzible ya ampea 30, zidisha na volti 14 za gari inayonguruma, unapata wati 420 zinazoingia. Ampli za kizamani hupoteza karibu nusu ya hizo kama joto. Zile za aina D hupoteza takriban moja ya tano. Kwa hiyo ampli hiyo ya “wati 1500” itatoa wati 200, ikiwa nzuri sana 340. Si haba, zinatosha kwa gari ndogo. Ila bei yake isiwe ya 1500.

Sasa waya. Umeme wa ampli hauchukuliwi kwenye waya za redio wala kwenye kiberiti cha sigara. Unatoka moja kwa moja kwenye batri. Sokoni waya rahisi kupatikana ni ule wa nyumba, milimita 2.5, na kuna mafundi wanaoutumia. Hesabu yake ni hii: ampli inayovuta ampea 60, waya wenye urefu wa mita 5, volti 2 zinapotea njiani na zaidi ya wati 120 zinageuka joto. Ni sawa na kuweka balbu mbili za wati 60 chini ya kapeti, pale mtoto anapokanyaga. Kazi hiyo inahitaji shaba ya milimita 16 hivi. Na shaba iwe shaba: kwarua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, nayo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe.

Kwenye waya huo inahitajika fuzible nyingine, karibu na batri, isizidi sentimita 45. Wengi huiruka wakisema ampli tayari ina yake. Ile ya kwenye ampli inalinda ampli. Waya ukikwanguliwa na bati pale unapotoboka kuingia ndani ya gari, na barabara ya bonde la Ruzizi inajua kukwangua, umeme wote wa batri utapita hapo bila kufika kwenye ampli. Ni ile fuzible ya mbele pekee inayoweza kuukata. Tundu lenyewe la kwenye bati livalishwe mpira. Kwa masi, waya uwe mfupi, wenye unene uleule, na rangi ya gari ikwaruliwe mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga bulo. Masi mbaya ndiyo chanzo cha kawaida cha ule mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mota. Chanzo kingine ni kupitisha waya wa sauti na waya wa umeme upande mmoja. Mmoja upite kushoto, mwingine kulia.

Batri nayo ina mpaka wake. Mjini, umeme wa SNEL unapokatika, gari hugeuka mtambo wa sherehe: milango inafunguliwa, mota inazimwa ili kuokoa esansi, na harusi inaendelea. Batri ya gari ndogo ina takriban ampea 45 kwa saa. Muziki ukivuta ampea 15 kwa saa mbili, theluthi mbili zimekwisha, na bwana harusi atasukuma gari. Kuongeza batri ya pili bila alternata yenye nguvu hakuondoi deni, kunaahirisha tu siku ya kulipa.

Kuhusu keso, watu wa Uvira wana bahati ya mafundi seremala. Sabufa iliyowekwa wazi bila keso haina besi, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele inakutana na ile inayovutwa nyuma, zinauana. Keso iliyofungwa pande zote inatoa besi kavu, inayofuata mpigaji. Keso yenye tundu inatoa kelele kubwa zaidi, hasa ikipigwa noti zilizo karibu na ile iliyokatiwa. Tripleksi ya milimita 18, gundi kwenye kila pembe, silikoni ndani. Ubao wa unga ni rahisi kukata, lakini ukilowa huvimba, na gari ya kandokando ya ziwa hailoi mara moja.

Keso gani basi? Inategemea muziki, na hapa mji huu hauna kificho. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tarehe 14 Desemba 2021. Uti wake ni gitaa zinazojibizana kwenye sebene, na hizo zinaishi kwenye bafle za milango, si kwenye sabufa. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi ni hezi 41. Kwa hiyo sabufa iachiwe chini ya hezi 80, milango ibaki na kilicho juu, na keso iliyofungwa inatosha. Kifungo kilichoandikwa GAIN si cha kuongeza sauti. Redio inawekwa robo tatu, kifungo kinapandishwa taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha kinarudishwa nyuma kidogo na kuachwa hapo. Ampli inayolazimishwa kukwaruza huunguza hata bafle kubwa.

Besi ikipotea ghafla baada ya kufunga bafle mbili, kabla ya kununua ya tatu, chukua jiwe la tochi la volti 1.5. Gusa waya za kila bafle: karatasi zote zisogee upande mmoja. Moja ikiingia ndani na nyingine ikatoka nje, waya zimegeuzwa.

Masikio ya shofere hayana spea. Kipimo kinachofuatwa makazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa nusu. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Kufika Kamanyola ni zaidi ya hapo. Na kwenye barieri, askari anayesema simama husema mara moja au mbili.

Baada ya safari ya kwanza ya Kamanyola, mota ingali inanguruma na muziki ukipiga, mkono uwekwe juu ya nyumba ya fuzible na kwenye bulo ya masi. Pakiwa pa moto, bulo imelegea. Inakazwa kwa ufunguo namba 10.