Insha ya FIFA niliyoinyima alama

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha ya kulinganisha kitu cha kale na kile kilichokirithi. Wengi, kama ilivyo ada, waliandika juu ya barua na simu, au nyumba ya nyasi na ya mabati. Mmoja wao, mkazi wa hapa Gatitu, aliandika kuhusu mchezo wa video wa kandanda uitwao FIFA na matoleo yaliyoufuata. Nilimpa alama 4 kati ya 20. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Mada haifai."

Kijana hakulalamika. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwalimu, umewahi kuucheza?" Sikuwa nimewahi.

Basi Jumamosi moja nilijikaza, nikaingia katika kibanda kimoja cha michezo hiyo, si mbali na njia panda. Wavulana waliobanana kwenye benchi walinyamaza ghafula, na mmoja akainuka kutaka kutoroka. Nililipa shilingi 20 zangu, nikafungwa mabao sita na mtoto asiyenifika kifuani. Kisha nikarudi nyumbani kuisoma upya insha ile.

Nilikuwa nimetarajia kijana asifu kila kilicho kipya. Kumbe hoja yake ilikuwa kinyume. Toleo la kwanza, la mwaka wa 1993, lilikuwa na timu za mataifa tu na wachezaji wenye majina ya kubuni. Majina halisi yalikuja na FIFA 96. Lakini lililomteka ni lile la 1997, lililotangulia Kombe la Dunia la Ufaransa, ambalo mjomba wake angali nalo katika kompyuta kuukuu. Humo zimo timu za taifa 172, Kenya ikiwa miongoni mwazo, na mchezaji huanzia katika mechi za mchujo. Katika uwanja wa kweli, Harambee Stars walikuwa kundi moja na Nigeria, Guinea na Burkina Faso, na Nigeria ndiyo iliyokwenda Ufaransa. Katika kompyuta ya mjomba, mtoto wa Gatitu huweza kuipindua historia hiyo kabla ya chajio.

Hata mchezo wa Kombe la Dunia la Brazil, uliotoka mwaka wa 2014, ulikuwa na mataifa 203. Sasa litazame FIFA 23, lililotoka mwaka wa 2022, la mwisho kubeba jina hilo kabla ya kampuni ya Electronic Arts kuachana na shirikisho la kandanda na kuuita mchezo wake EA Sports FC. Wachezaji wake hukimbia na kuchoka kama binadamu, na sura zao utadhani ni picha za runinga. Kenya haimo. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba mchezo umezidi kuwa wa kweli kwa wengine, na kwake umezidi kuwa wa kigeni. Sentensi hiyo niliipigia mstari mwekundu. Sikumbuki kwa nini.

Yako aliyoyasahau. Hakutaja kwamba FIFA 16, la mwaka wa 2015, ndilo lililoleta timu za wanawake kwa mara ya kwanza, 12 za mataifa. Dada yake angemkumbusha. Wala hakusema kuwa si kila toleo hustahili kuitwa jipya. Kwa wenye mashine ya Nintendo Switch, matoleo ya FIFA 20 hadi FIFA 23 yalikuwa mchezo ule ule uliobadilishiwa jezi na orodha za wachezaji, ukauzwa tena.

Sikatai kwamba vibanda hivi humeza nauli na pesa za chakula cha mchana. Nimewaona wenye njaa darasani, na sababu naijua. Lakini hilo ni kosa la kibanda. Insha haikukosea.

Nilifuta 4 nikaandika 15. Alitazama daftari, akatabasamu, akauliza ile alama ya dada yake angeipataje.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu, aliyekwisha kusikia habari za safari yangu, aliniita ofisini akanitaka nimwandikie majina ya wanafunzi niliowakuta kibandani. Majina ninayo. Karatasi ingali nyeupe mezani pangu.